Za Kulala Zilikuwa za Baba

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, gazeti limerudi buchani. Juzi nilinunua nyama nusu kilo, muuzaji akaifunga kwa ukurasa wa gazeti kuukuu, na nilipoifungua jikoni harufu ya wino uliolowa damu ikanipanda puani. Upande wa ndani kulikuwa na chemshabongo, imejazwa nusu na mtu nisiyemjua, kwa kalamu ya bluu. Nilisimama nikiisoma mpaka maji ya ugali yakakauka sufuriani. Mume wangu akaja akaniuliza nalia nini, nikamwambia ni kitunguu, na kitunguu chenyewe nilikuwa hata sijakimenya.

Nilimlilia baba yangu. Alikufa muhula wa tatu nikiwa darasa la nane, na mimi nikawa mtu wa mwisho katika ukoo mzima kuambiwa. Wenzangu wa rika langu mliofanya ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi mkiwa mmefichwa jambo, najua mpo wengi. Tukikutana kwenye matanga ya watu wengine tunaambiana polepole, kila mmoja na lake. Langu linapitia kwenye visanduku vya gazeti la Jumamosi.

Baba alichora ramani za mashamba katika ofisi ya serikali pale Kitale. Tuliishi wawili tu katika nyumba ya wafanyakazi, chumba na sebule, paa la mabati na veranda ndogo iliyotazama Mlima Elgon siku ambazo ukungu ulikubali. Mama alikuwa nyumbani Bokoli, upande wa Bungoma, pamoja na wadogo zangu, ng'ombe na migomba. Ndivyo familia nyingi zilivyoishi wakati ule, mguu mmoja mjini kwenye mshahara, mguu mwingine shambani kwenye chakula. Mimi nililetwa mjini kwa ajili ya shule. Baba aliamini kwamba nikisoma Kitale nitafika mbali, na imani yake ilikuwa kali kiasi cha kunifulia sare mwenyewe kila Jumapili jioni, mpaka wanaume wa majirani wakamtania wakachoka.

Nilirithi jina la mama yake, kwa hiyo aliniita Mayi, yaani mama kwa Kibukusu. Hata akinikemea alinikemea kwa adabu, kama mtu anayemrudi mzazi wake. "Mayi, hii sahani umeosha ama umeitazama tu?" Nilicheka, nikarudia kuosha.

Jumamosi asubuhi alikwenda mjini akarudi na gazeti la Kiswahili kwapani. Tuliketi verandani, yeye na strungi yake, chai isiyo na maziwa, mimi na mahindi ya kuchemsha, na habari za wanasiasa zilirukwa zote mpaka ukurasa wa chemshabongo. Ilitungwa na mtu mmoja mkorofi ambaye hakuwahi kuuliza jambo waziwazi. Watungaji wengine walikuuliza mji mkuu wa Uganda, ukajaza, ukaendelea na maisha yako. Huyu wetu alikuambia: "Si mbali, ndani yake amejificha mfalme wa nyika." Mara ya kwanza nilipokisoma kidokezo hicho niliinuka nikatazama nje ya ua.

"Umeona nini huko?" Baba akaniuliza.

"Natafuta mfalme. Wamesema si mbali."

Alicheka mpaka chai ikamwagikia shati. Kisha akayaandika hayo maneno mawili, SI MBALI, kwa herufi kubwa pembeni mwa gazeti, akaweka kidole gumba chake kipana juu ya herufi mbili za mwisho. Pale mbele ya kidole pakabaki SIMBA. Mpaka leo nakumbuka mwili wangu ulivyosisimka. Mnyama alikuwa amekaa pale muda wote na mimi nilikuwa namtafuta kwenye ua wa jirani.

Herufi za Baba zilikuwa za kazi yake, wima, sawa, utadhani kazipimia rula. Aliandika kwa wino daima. Penseli, alisema, ni ya mtu anayepanga kukimbia. Tuligawana kazi kwa sheria kali kuliko za serikali: maneno ya kwenda kando, tuliyoyaita za kulala, yalikuwa yake, ya kushuka chini, za kusimama, yalikuwa yangu. Hakuna kugusa za mwenzako. Ukikwama unaomba herufi moja, na unaomba kwa heshima.

Alinifundisha namna ya kukisikiliza kidokezo. "Mayi, hiki ni kama mgeni amekuja kuazima jembe," alisema. "Ama atasema jembe akiketi tu, ama atangoja mpaka ako mlangoni anaenda. Hapo katikati ni hadithi ya mvua na mbuzi. Wewe sikiliza mwanzo na mwisho. Maana iko upande mmoja. Hiyo ingine yote ni kuzunguka tu, lakini ukiishika vizuri inakuonyesha jibu."

Basi nikajifunza. "Mali ikivurugwa huwa desturi," tukavuruga herufi za mali tukapata mila. Wiki nyingine mali ile ile ikavurugwa tena ikawa lami ya barabarani, nikamwambia Baba huyu mtungaji ni mvivu, anapika mboga moja kila siku. "Mama akimeza b huogopwa mtoni," hiyo niliing'amua peke yangu, mamba, nikatembea siku nzima kifua mbele. Na kulikuwa na sheria moja ambayo Baba hakuilegeza hata siku niliyolia. Jibu litoshe mara mbili. Litoshe visanduku, na litoshe kidokezo. Likitosha visanduku peke yake, alisema, hilo ni neno tu limepata mahali pa kukaa.

Kichwa kikanivimba. Nikaanza kuwafumbua watu. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Mama Njeri, mjane ambaye wazazi wake walitoka Nyeri zamani wakanunua shamba Trans-Nzoia. Aliuza vitunguu na viazi, na siku za soko alishuka navyo hadi Bungoma. Alikuwa na maneno kama redio. Akiingia kwetu ataanza na bei ya mbolea, apitie kwa mchungaji, azunguke kwa binti yake Njeri aliyeolewa Nakuru, na akifika mlangoni ndipo aulize kama tuna kiberiti. Mimi nilikuwa nimekwisha kukishika mkononi. "Huyu mtoto ni mchawi," alimwambia Baba, na Baba alitabasamu kama mwenye mali. Nilijiona nimemaliza elimu ya dunia. Hakuna mtu mzima angenizunguka nisimpate.

Kisha miguu ya Baba ikaanza kuvimba. Kwanza alilegeza kamba za viatu, halafu akaenda kazini na ndara, halafu hakwenda. Akipanda ngazi tatu za veranda alisimama kwenye ya pili akijifanya anatazama mlima. Daktari alisema ni moyo, umechoka, na Mama akatuma ujumbe kwamba hawezi kumuuguza akiwa Kitale na huku ana watoto na mifugo. Ikaamuliwa ahamie hospitali ya Bungoma, karibu na nyumbani. Mimi ningebaki kwa Mama Njeri, kwa sababu mtihani ulikuwa umekaribia na jina langu lilikuwa limeandikishwa Kitale.

Nilitaka kwenda naye. Nililia, nikakataa kula, nikaficha begi lake nyuma ya pipa la maji. Alilipata, akaliweka mlangoni, akaniita nikae kando yake.

"Ukimaliza karatasi ya mwisho," alisema, "ukiweka kalamu chini tu, unakuja. Sitaki ukuje kabla. Tumeelewana, Mayi?"

"Na gazeti?"

"Nikikuachia yote utavimba kichwa zaidi ya mguu yangu. Mimi nitanunua yangu huko. Nitajaza za kulala, Mama Njeri akuletee akitoka soko. Wewe ujaze za kusimama unirudishie nione kama umebahatisha."

Akaondoka. Kuanzia siku hiyo sikusomea mtihani kwa ajili ya shule kubwa wala kwa ajili ya kufika mbali. Nilisoma ili mtihani uishe. Niliutazama kama mtu anavyotazama mto unaomzuia kufika kwao, ukipungua tu avuke. Ng'ambo yake kulikuwa na Baba, na hicho ndicho kitu pekee nilichokitaka duniani.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama alivyosema. Mama Njeri alirudi sokoni na gunia tupu na gazeti limekunjwa ndani ya kanga. Za kulala zote zimejazwa, kwa wino, na pembeni ameniachia maneno: "Namba saba ya juzi ulibahatisha. Nimekuona." Nilijaza zangu na kumjibu pembeni vilevile. Nilimwandikia habari za shule, nilimuuliza miguu inaendeleaje. Wiki hadi wiki niliona herufi zake zinaegemea upande, kama uzio ambao nguzo zake zimeanza kuoza. Nilijiambia anaandika akiwa amelala, na mtu akilala herufi nazo hulala.

Halafu likaja gazeti la penseli.

Mama Njeri aliliweka mezani na kwenda moja kwa moja jikoni bila kusema bei ya vitunguu ilikuwaje Bungoma. Nililifungua. Herufi zilikuwa nene, zimekandamizwa mpaka upande wa pili wa karatasi ulikuwa na matuta. Nilifurahi. Nasema kweli, niliruka. Mkono uliokuwa unalegea umepata nguvu, nilifikiri, tazama anavyokandamiza. Penseli niliielewa pia: hospitali labda wamemnyima kalamu asichafue mashuka.

Lakini za kusimama zangu ziligoma. Nilijua jibu, nikalishusha, likagongana na la Baba. Nikajaribu la pili, likagongana. Ndipo nikarudi kusoma za kulala moja moja na vidokezo vyake. Palipotakiwa MILA, kwa kidokezo kilekile cha mali kuvurugwa ambacho tulikwisha kukicheka, Baba ameandika KUNI. Palipotakiwa MAMBA ameandika WIMBO. Kulikuwa na VITI, kulikuwa na CHUMVI, kulikuwa na MBAO. Kila neno limetosha visanduku na hakuna hata moja lililotosha kidokezo.

Gazeti la wiki iliyofuata lilikuwa hivyo hivyo. SUFURIA. KUKU. MVUA. Nikakaa nayo yote mawili kitandani, nikayatazama jinsi Baba alivyonifundisha. Baba hakosei. Baba angevunjwa mkono kabla ya kuandika kuni mahali pa mila. Kwa hiyo hakukosea, ananiambia jambo, na ameliweka mahali ambapo Mama Njeri mwenye domo hataliona. Nilitoa maneno kwenye visanduku vyake nikayapanga upya: viti, kuni, sufuria, kuku, chumvi, wimbo. Mbao nikadhani ni ya kuunda meza ndefu ya wageni. Mvua ilinisumbua kidogo, nikaamua kwamba anamaanisha watangoja ipite.

Jibu likanijia nikiwa nimekaa hapo, na mwili ukasisimka kama siku ile ya simba. Karamu. Baba ametoka hospitali, yuko nyumbani Bokoli, na wananiandalia karamu nikimaliza mtihani. Nilijifunika uso na blanketi nicheke bila kusikika. Kisha nikaandika pembeni mwa gazeti, kwa herufi ndogo sana: "Baba, nimefumbua. Sitamwambia mtu. Kuku awe wa kienyeji." Nikalikunja, nikampa Mama Njeri alirudishe.

Waswahili husema mficha maradhi kilio kitamfichua. Kwetu hata kilio kilifichwa. Walikwisha kumzika.

Sasa nikikumbuka, kila kitu kilikuwa wazi. Mama Njeri alipika chapati siku za katikati ya wiki. Alininunulia soda bila sababu, akakaa kunitazama nikiinywa. Alikuwa na simu ya mkononi, ya kwanza katika ile mistari yetu ya nyumba, na zamani aliniita niipokee ikilia ili watu waone; sasa akaifunga kwenye leso kiunoni, na nikiomba nimpigie jirani yetu wa Bokoli anijulie hali, ilikuwa haina credit. Hata maneno yake ya redio yalikatika. Jioni moja nilimuuliza waziwazi.

"Mama Njeri, Baba ako aje?"

Alikuwa anachambua maharagwe. "Amepumzika, kairitu," akasema, akiniita msichana kwa Kikuyu. "Amepumzika vizuri sana. Hata mvua ikinyesha ako kwake. Si nilikuambia mbolea imepanda tena? Watu watapanda na nini mwaka ujao. Wewe soma."

Mwanzo na mwisho, Baba alisema, sikiliza mwanzo na mwisho. Mimi nikachukua mwisho. Anataka nisome, basi. Nikarudi kwenye vitabu.

Nikafanya mtihani. Katika insha ya Kiswahili niliweka ile karamu yote, viti kwenye nyasi, kuni zikilia motoni, sufuria za kuazima kanisani, baba aliyepona akiwakaribisha wageni kwa viatu vilivyofungwa kamba barabara. Nilipenda nilivyoandika. Walimu wangu walijua, nimekuja kufahamu baadaye, watu wazima wote wa shule walijua, na walipita nyuma ya madawati yetu wakinigusa bega. Nilidhani wananitakia heri kwa sababu mimi ni hodari.

Nilipoweka kalamu chini Mama Njeri alikuwa ananingoja getini, amevaa nguo zake za kanisa. Tulishuka Bokoli mchana. Mkononi nilikuwa na gazeti la Jumamosi iliyopita, jipya, sijaligusa hata kwa jicho, la kujaza na Baba tukiwa tumeketi pamoja. Njiani kuelekea nyumbani wanawake waliokuwa wakipalilia maharagwe walinyooka, wakanipa mkono juu ya uzio, na hakuna aliyeuachia upesi. "Umemaliza mutihani?" waliuliza. Nikasema nimemaliza. "Asante, mama," walisema, kama niliyewafanyia kazi.

Nyasi za uani zilikuwa zimekanyagwa zikawa njano. Kulikuwa na mashimo ya nguzo za turubai, na nyuma ya jikoni mafiga makubwa meusi, na majivu mengi. Viti vya kanisa vilikuwa vimepangwa juu kwa juu kando ya ghala, havijarudishwa. Ninachokumbuka kwa uchungu ni kwamba nilikasirika. Nilifikiri, wamekula. Wamefanya karamu yangu kabla sijafika.

Ndipo Mama akatoka nyumbani akijifunga leso juu ya kichwa kilichonyolewa. Nyuma yake wadogo zangu, wamenyolewa wote hadi yule mdogo kabisa, vichwa viking'aa juani. Kwetu watu hawanyolewi hivyo, familia nzima kwa pamoja, ila kwa jambo moja. Nikageuza macho upande wa migomba, na pale, kwenye kivuli, kulikuwa na tuta refu la udongo mwekundu. Majani machanga yalikuwa yameanza kuota juu yake.

Sikuanguka wala sikupiga kelele. Mama alinishika mkono akanikalisha jikoni, akanipa chai, na mimi nikaishika chai hiyo.

"Lini?" nikauliza.

"Kabla ya mutihani kuanza. Utaniwia radhi, mayi. Ni yeye alisema. Alisema usiambiwe mpaka umalize, na akanishika mkono nikaapa. Watu wa ukoo walikataa, wakasema mtoto wa kwanza lazima atupe udongo. Nikasimama na neno lake."

"Nani alikuwa anajaza gazeti?"

Mama alitazama miguu yake. Aliacha shule darasa la tatu. Alisoma Biblia kwa kufuata mstari kwa kidole, na kuandika aliandika jina lake tu, nilivyojua.

"Ni mimi. Alisema gazeti ikikosa kuja utajua. Akanionyesha akiwa kitandani, na hii penseri ya mtoto. Hesabu visanduku, tafuta neno ya kutosha, andika. Hiyo ingine ya kufikiria hatukufika. Sikutaka kukuandikia uongo. Nikiketi hapa na gazeti, niliandika tu chenye naona. Watu walileta kuni, nikaandika kuni. Fundi alileta mbao. Siku ya kumweka mvua ilinyesha."

Shangazi yangu mmoja alikuja kuniambia miaka mingi baadaye kwamba mjane hakutakiwa kutoka uani kabla ya matanga kuanuliwa, na kwamba Mama alitoka. Alijifunga leso, akapanda gari mpaka soko la Bungoma akampa Mama Njeri lile gazeti mkononi, akarudi kusemwa na ukoo mzima. Siku ile pale jikoni sikuyajua hayo, na hata ningeyajua yasingenisaidia. Nilikuwa nimejaa hasira. Nilimkasirikia Mama kwa kutii. Nilimkasirikia Mama Njeri na chapati zake. Zaidi ya wote nilimkasirikia Baba, aliyenijua kuliko mtu yeyote, aliyejua kwamba nilichotaka ni kumwona na si kingine, na akaamua kuniachia mtihani badala ya mkono wake. Bado sijaikamilisha hasira hiyo. Nina watoto sasa, naelewa alichofanya, na kuelewa hakujaniondolea kitu.

Nikatoka nikaenda kwenye tuta. Hapo ndipo nilipojua kitu kingine ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria walipokuwa wakinihurumia. Msiba ulikuwa umekwisha. Watu walikuwa wamekwisha kulia, wamekwisha kuimba, wamekwisha kumsifu Baba na kula na kurudi mashambani kwao. Ng'ambo ya uzio nilisikia wanawake wakicheka jambo fulani juu ya mbuzi wa mtu. Wadogo zangu walikuwa wanacheza kati ya vile viti. Wao wamepona kidogo tayari, na mimi baba yangu amekufa muda huu. Nilifungua mdomo nilie, sauti ikatoka nyembamba, ya aibu, kama mtu anayeanza wimbo kanisani peke yake. Nikanyamaza. Ningelia na nani?

Mama alikuwa amenifuata. Alisimama nyuma yangu akaisikia ile sauti ikikatika. Akavua ndara zake. Akafungua leso iliyoficha kichwa chake kilichonyolewa, akaifunga kiunoni, akaweka mikono kichwani, na akapiga ukemi. Alipiga ule wa siku ya kwanza, ule unaopigwa habari ikifika, unaovuka shamba hadi shamba. Alimwita Baba kwa jina lake, akamuuliza anamwachia nani watoto, akatembea kutoka migomba hadi mlangoni na kurudi, akianza mambo yote upya tangu mwanzo, yale ambayo alikwisha kuyalia akayamaliza. Na mimi nikapata pa kushika, nikalia naye kwa sauti yangu yote.

Kicheko cha ng'ambo kilikatika. Nikasikia miguu ikikimbia kwenye njia. Wanawake wa maharagwe waliingia uani wakihema, majembe bado mikononi.

"Nani tena?" aliuliza wa kwanza. "Mama, ni nani tena?"

"Hakuna mwingine," Mama akasema. "Ni yule yule. Mtoto ndio amefika."

Yule mwanamke akanitazama. Akaliegemeza jembe lake kwenye mgomba, akafungua leso yake kichwani, akaanza.